Sayari ya Malengelenge

Tangu Mzee Amedeus aanze kuandika historia za marehemu, hapajawahi kufa mtu mbaya Bagara. Wamekufa walevi, wamekufa wagomvi, amekufa hata yule aliyekuwa akisogeza mawe ya mpaka wa shamba kila masika mpaka jirani yake akabakiwa na eneo la kuanikia nguo. Wote, walipofika kwenye kalamu ya Amedeus, wakawa wacha Mungu, wapenda watu na wapatanishi katika jamii. Mzee mmoja, ambaye mara ya mwisho kuonekana kanisani alikuwa amebebwa kwenda kubatizwa, aliandikwa kuwa "muumini asiyependa kujionyesha." Familia yake ililia sana siku hiyo. Hawakujua kwamba walikuwa wanaishi na mtu wa namna hiyo.

Kazi hii hakuiomba. Alikuwa karani kwenye ghala la ushirika, mwandiko wake mzuri, na ushirika ulipokufa yeye akabaki na mwandiko. Ushirika wenyewe ulizikwa bila kusomewa historia, labda kwa sababu hakuna aliyetaka kufika kwenye kipengele cha ugonjwa. Tangu hapo, ukifiwa Bagara au Nakwa, unatuma mtu mmoja kwa fundi wa majeneza, mwingine kwa katekista, mwingine kwa Amedeus. Vipengele anavijua hata usingizini: Kuzaliwa, Elimu, Kazi, Ndoa, Ugonjwa, Mauti. Mtu kaishi miaka themanini, kalima, kazaa, kagombana, kasamehe, anaingia kwenye karatasi moja, na chini bado inabaki nafasi ya "Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Ni uchovu aliorudi nao kutoka vitani Uganda mwaka wa sabini na tisa, akauweka begani akidhani atautua kesho, na hiyo kesho ikaota mvi. Mkewe, Wilhelmina, alikuwa akiwaambia wageni kwamba ukimwona Baba Noela amesimama, ujue kiti kina mtu.

Asubuhi moja Leonard akashuka kwenye bodaboda nje ya ua, mkononi kiroba. Leonard ni mtoto wa kwanza wa Mzee Paskasi wa Nakwa, na wakati huo alikuwa anautafuta udiwani. Alikwisha kugawa kalamu zenye jina na picha yake kata nzima, mpaka kwa watoto wa chekechea, ambao wangeanza kupiga kura wakati yeye ana wajukuu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Leonard. Amekwenda?"

"Amekwenda. Alfajiri."

Amedeus alitafuta mahali pa kukaa, akasahau kwamba amekaa. Alijua siku hiyo inakuja. Paskasi alikuwa kitandani tangu mahindi yapo magotini. Akauliza mazishi ni lini na Mama Leonard anaendeleaje. Leonard alijibu yote vizuri, akafuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akafungua kiroba, akatoa mabuti.

Nakwa nzima iliyajua mabuti yale. Yalikuwa mabuti ya adui. Paskasi alirudi nayo kutoka vitani, na hadithi yake kila mtu aliweza kuisimulia: alikutana na askari wa nduli ana kwa ana kwenye shamba la migomba, wakapigana mieleka, Paskasi akamuua, akamvua viatu. Miaka ya mwanzo adui huyo alikuwa mtu wa kawaida tu. Aliendelea kukua hata baada ya kufa, na sasa alikuwa amefikia kimo cha nguzo ya umeme. Kila Siku ya Mashujaa mabuti yaliwekwa mezani juu ya kitambaa, pembeni ya chupa za maji za wageni rasmi, na Leonard aliyapaka kiwi mpaka ukajiona meno.

Alichotaka Leonard ni kwamba kwenye kipengele cha Kazi, mabuti yapewe aya yake yenyewe. Siku ya mazishi yatakaa juu ya jeneza. Watakuja watu wakubwa. Hakusema neno kura, lakini lilikuwa limekaa hapo kati yao kama mgeni anayesubiri chai.

Shida ilikuwa moja. Siku ile kwenye migomba, Amedeus alikuwepo.

Na kwa kweli alikwisha kuiandika. Miaka hii ya uzeeni alikuwa na kitabu, riwaya ya vita iliyotokea kwenye sayari nyingine, ambayo aliiandika mchana, watu wengine wanapolala, na kuipeleka sura moja moja kwa Kindness, binti mwenye steshenari karibu na stendi, akachapiwe. Kwenye sayari hiyo wana vita kama sisi. Majeshi mawili yanatoka kila moja kwao na kutembea kuelekeana, siku nyingi, mvua na matope, na yakikutana hayapigani. Yanakaa chini, yanavua viatu. Wanakuja waamuzi wenye macho matatu, wanapita mstari kwa mstari wakikagua nyayo. Jeshi lenye malengelenge mengi ndilo lililoshinda, kwa sababu ndilo lililotumwa mbali zaidi. Halafu wakubwa waliotuma majeshi, wa pande zote mbili, wanavuliwa viatu na kurudishwa nyumbani kwa njia ileile, kwa miguu, mmoja mmoja, bila kupikiwa. Kwa sababu hiyo viongozi wa sayari ile ni watu wa amani mno. Wanapatana hata kabla hawajakosana.

Kindness alikipenda kitabu kwa kiasi chake. Alisema miguu imezidi na mapenzi hakuna. Alimwomba mzee amwingize hata mwamuzi mmoja wa kike, mwenye macho matatu mazuri. Amedeus aliahidi kufikiria, akaenda kukaa.

Si kwamba alianza na sayari. Alianza na Uganda. Aliporudi, kijana, alisimulia kwenye kilabu cha pombe jinsi mambo yalivyokuwa. Mtu mmoja akamuuliza yeye alikuwa upande gani. Mwingine akamwita mwoga. Mwenyekiti wa kijiji akamfuata nyumbani kumshauri, kwa upole, kwamba maneno kama yale yanavunja moyo taifa. Amedeus aliona kwamba taifa lenye moyo wa kuvunjwa na karani wa mgambo lina matatizo mengine, lakini alikuwa amechoka, akanyamaza. Baada ya miaka mingi ndipo alipogundua dawa. Ukisema jambo limetokea Uganda, wanakuuliza ulikuwa wapi na bunduki yako. Ukisema limetokea kwenye sayari, wanacheka na wanakusogezea kiti.

Msomaji wake mkuu alikuwa Paskasi. Kila mara Amedeus alipanda bajaji mpaka Nakwa na sura mpya ndani ya koti, akamsomea kando ya kitanda, na Paskasi alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa Mama Leonard alitokea mlangoni kumtazama Amedeus kama anayemtazama kibaka. Paskasi aliwapenda wale wakubwa wanaorudi kwao peku. Sura hiyo alitaka irudiwe mara nyingi, kama mtu anayeomba kuongezewa mchuzi.

Lakini safari ya mwisho hakucheka. Alimshika Amedeus mkono wa koti.

"Wewe ndiye utakayenisoma."

"Acha maneno hayo. Utanizika wewe."

"Sikia. Mimi usinipeleke sayarini. Sayari ni nzuri, lakini mimi mwili wangu unazikwa hapa Nakwa. Sema ni Uganda. Sema mabuti tulibadilishana."

"Leonard atanuna."

"Leonard ananuna tangu azaliwe, mkunga ni shahidi. Niahidi."

Amedeus aliahidi. Akauliza lile ambalo hakuwahi kuuliza miaka yote: kwa nini mwenyewe hakusema?  Paskasi alisema siku aliporudi, baba yake Edda, huyu Mama Leonard wa leo, aliona mabuti ya kigeni miguuni, akapiga yowe la furaha kwamba kijana amemvua adui, akachinja kondoo papo hapo. Paskasi alitaka kumsahihisha. Lakini alikuwa ametoka mbali, miguu inamuuma, nyama inanukia, na mtu aliyechoka hupokea sifa kama anavyopokea kiti. Ilipokwisha kuliwa nyama, na Edda naye akawa ameahidiwa. Sasa utarudisha nini? Kondoo au mke?

Basi ndiyo hiyo ahadi aliyokuwa nayo Amedeus wakati Leonard amesimama uani na mabuti yanang'aa. Na unajua alichofanya? Aliandika alivyoombwa. Mkono wake ulikuwa umezoea. "Marehemu alishiriki vita vya Kagera, ambako alimkabili adui ana kwa ana, akamshinda na kumnyang'anya viatu." Sentensi ilitoka laini kama uji. Kindness aliichapa, akaipamba kwa mshumaa kila pembe, akasema hii sasa ndiyo hadithi, siyo ile ya nyayo. Amedeus alikwenda nayo nyumbani. Kabla ya kulala akachukua ile sura ya sayari, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Alijiambia atasoma zote mbili. Leonard atapata mabuti yake, Paskasi atapata sayari yake, na yeye atapata kukaa.

Siku ya mazishi Nakwa ilijaa. Maturubai yalifungwa mpaka kwenye mahindi ya jirani, viti vya plastiki vilitoka parokia nzima, na spika zilikuwa kubwa kuliko ng'ombe wa marehemu. Akina mama walikaa kwenye mikeka upande wa nyumba, Mama Leonard katikati yao amejifunika kitenge. Watu wakubwa walikaa mbele, kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Jeneza lilikuwa mezani na juu yake, kwenye taulo jeupe, mabuti, ncha zikielekea kwa msomaji.

Mwongoza ratiba, kijana mwenye sauti ya kutangaza mechi, alimkaribisha Mzee Amedeus kwa historia fupi ya marehemu, akasisitiza neno fupi.

Kuzaliwa kulikwenda vizuri. Elimu ilikuwa fupi yenyewe. Paskasi alifika darasa la nne na kugeuza. Kisha macho yakashuka kwenye Kazi, na kinywa kikakataa. Watu wakadhani ni majonzi. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ile sura. Alisoma kwamba kuna sayari moja ambako majeshi hutembea mpaka yakutane, kisha hukaa na kuvua viatu. Minong'ono ikapita. Waliokaa mbele walitazamana. Mzee mmoja kwa nyuma, mgumu wa masikio, akauliza hiyo Sayari iko upande wa Singida au upande wa Kondoa, akaambiwa anyamaze. Watu wengine walianza kucheka, kicheko kile chenye heshima cha msibani, wakijua Mzee Amedeus na mambo yake. Hata Leonard alitabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda salama kabisa.

Ndipo Amedeus alipoyatazama mabuti. Yalimtazama na yeye. Akakumbuka mkono kwenye koti. Akaikunja sayari, akairudisha mfukoni.

"Hapana," alisema kwenye maiki. "Ilikuwa Uganda. Tulikuwa wawili, mimi na Paskasi."

Akasimulia. Walikuwa wamepitwa na kikosi chao usiku ule, si kwa ushujaa, kwa kuchechemea. Jeshi lilimpa Paskasi mabuti namba nane na mguu wake ulikuwa kumi. Bohari ilisema vaa, yatapanuka. Yaliyopanuka ni malengelenge. Kulipopambazuka walijikuta kwenye shamba la migomba, mvua imekatika, Paskasi akakaa, akavua mabuti, akaegemeza bunduki kwenye mgomba. Amedeus naye alikuwa amekaa, kama kawaida yake. Kwa upande wa pili wa shamba akatokea askari wa adui. Bunduki iko mgongoni. Mabuti ameyaning'iniza shingoni kwa kamba zake, na anatembea peku, polepole, kama mtu anayekanyaga mayai. Akawaona. Wakamwona. Hakuna aliyenyanyua kitu. Si kwamba walikuwa wema. Kunyanyua kulihitaji nguvu, na nguvu zilikuwa zimebaki nyuma huko, pamoja na kikosi.

Yule mtu alikaa. Walitazamana miguu. Alikuwa anajua Kiswahili, kibovu, lakini cha kutosha.

"Wewe namba ngapi?" aliuliza.

"Kumi," alisema Paskasi. "Wamenipa nane."

"Mimi nane. Wamenipa kumi."

Amedeus alisema kwamba walicheka wote watatu, wakiwa wameziba midomo, maana vita ilikuwa bado inaendelea barabarani. Kisha wakabadilishana. Paskasi alivaa yale, haya hapa kwenye taulo. Yule naye akavaa ya Paskasi, akaondoka kuelekea alikotoka au alikokuwa akienda, hawakumuuliza. Hakuna aliyepigwa mieleka. Hakuna aliyeuawa, si hapo. Paskasi aliingia Kampala na mabuti ya adui, na mara mbili alikamatwa na wenzake mwenyewe kwa sababu ya alama za soli.

"Alitaka mjue," Amedeus alisema. "Basi. Amesema."

 Watu walikuwa wanahesabu ni mara ngapi wameipigia makofi hadithi ile. Uso wa Leonard ulikuwa umeiva. Mkubwa mmoja alianza kuchezea simu. Mwongoza ratiba, ambaye hakuna chuo kilichomfundisha hali kama hii, alisogea na kunyoosha mkono achukue maiki, akisema kwa sauti ya chini kwamba muda wetu si rafiki.

"Mwachie maiki."

Alikuwa Mama Leonard. Alikuwa amefunua kitenge kichwani. Hakusimama, ila watu walimgeukia kama aliyesimama.

"Baba Noela. Huyo mtu mwingine. Viatu vya mume wangu vilimtosha?"

Amedeus hakulitegemea swali hilo. Alijiandaa kutukanwa. Ilibidi arudi kule kwenye migomba akatazame.

"Vilimtosha, Mama Leonard. Alipiga hatua mbili tatu, akageuka, akatuonyesha."

"Akatembea vizuri?"

"Vizuri."

Mama Leonard aliitikia kwa kichwa polepole. Alisema kwamba yeye alizipaka zile nyayo mafuta ya kondoo mwaka mzima wa kwanza wa ndoa, na kwamba aliyeshinda mieleka harudi na miguu vile. Alikuwa anasubiri tu mtu aseme. Kisha akauliza, kwa sauti ileile:

"Alifika kwao?"

"Hilo sijui, mama."

"Andika alifika."

"Sijui kama—"

"Nimesikia kwamba hujui. Umewaandikia wezi wa mipaka kuwa wapatanishi, na mimi nilikaa hapo nikasikiliza. Huyo mtoto wa watu utashindwa? Andika alifika. Si ndiyo kazi yako?"

Akina mama kwenye mikeka waliitikia kwa koo, ule mwitikio ambao mtu akiusikia hatafuti hoja nyingine.

Amedeus alijipapasa koti, kalamu hana. Akatazama huku na huku. Leonard alisimama, bado amenuna, akasogea mpaka kwenye jeneza. Alichukua mabuti kutoka juu ya taulo. Alisimama nayo mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, hajui amshike vipi. Mwishowe aliinama, akayaweka chini ya meza ya jeneza, sambamba, kama yanavyoachwa mlangoni na mtu aliyeingia kupumzika. Kisha akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akampa baba yake mdogo.

Ilikuwa moja ya zile zenye picha yake. Ilikataa kuandika. Amedeus aliitikisa, akaipumulia, akaijaribu kwenye kiganja, na Leonard aliyekuwa akijichapa kwenye kalamu hizo akaangalia pembeni. Hatimaye ikakubali. Amedeus aliiweka karatasi ya mishumaa juu ya kifuniko cha jeneza, kwa Paskasi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipo sawa, akakata mstari ule laini kama uji, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Akasoma kwenye maiki alichoandika: marehemu alibadilishana viatu na mwenzake, na mwenzake alifika kwao.

Mzee mgumu wa masikio akauliza amefika nani. Akaambiwa, mwenye namba nane.

Mwongoza ratiba alishukuru, akakumbusha kwamba kuna gari imezuia njia ya kwenda kaburini. Amedeus alitafuta kiti. Vyote vilikuwa na watu. Akaendelea kusoma amesimama, miguu inamuuma, mpaka Ndoa, mpaka Ugonjwa, mpaka Bwana ametoa.